Moshi wa Betri Nyuma ya Jiko

Biashara ilipofanywa huria, redio na televisheni zilifika ziwani kabla ya umeme. Watu waliziwasha kwa betri za gari, na mume wa dada yangu, aliyekuwa na jenereta pale Liuli, ndiye aliyezichaji. Mimi nilikuwa nimeolewa Mbinga. Kila tulipomaliza kuchuma kahawa nilishuka na lori kwenda kuwaona, hasa binti yao mdogo. Alikuwa msemaji yule! Hata bata aliwaamkia, "Shikamoo!"

Betri ikichoka, isishike tena chaji, mwenyewe aliiacha palepale. Shemeji aliipasua kwa shoka nyuma ya jiko, akamwaga yale maji makali, akayeyusha risasi, ile metali nzito ya ndani, kwenye sufuria kuukuu na kuimimina kwenye vishimo vya mchanga. Ikipoa, wavuvi waliichukua iwe vizito vya kuzamishia nyavu. Mtoto alikaa karibu na moshi ule akichezea majivu, akajifanya anapika ugali. Hakuna aliyemkataza.

Safari moja nilifika, hakunikimbilia. Nilimkuta kwenye mkeka, amekonda, mikono inatetemeka. Alinitazama, akafungua mdomo, neno halikutoka. Macho yalionyesha kabisa kwamba ananijua, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kuku nao wamekufa," dada alinong'ona. "Watu wanasema tumerogwa. Kuna asiyependa mashine yetu."

Mchana ule degedege likamshika. Tulimkimbiza hospitali. Daktari, mama wa makamo, alimpima, kisha akauliza, "Nyumbani mnafanya kazi gani?"

Shemeji alieleza yote, hata akajisifu kidogo kwamba kwake hakuna kinachotupwa.

"Na mkiyeyusha, mtoto anakuwa wapi?"

Dada ndiye aliyejibu, "Palepale, kando ya moto. Lakini watu wanasema tumerogwa."

"Hajarogwa," daktari alisema. "Risasi ni sumu. Inaingia kwa moshi, kwa vumbi, kwa vidole anavyolamba."

Degedege liliisha. Maneno hayakurudi.

Shemeji alirudi nyumbani akaanza kuchimba shimo azizike betri zilizobaki. Bwana afya wa kata akamwahi. "Ukizika hapa, mvua itazipeleka ziwani, na maji mnakunywa hukohuko. Utaratibu wa halmashauri hauruhusu kuzipasua wala kuzizika. Zirudishe nzima dukani." Mwenye duka la betri pale Mbinga, mzee aliyetokea pwani, alikuwa akizikusanya na kuzipeleka Dar es Salaam, kwenye kiwanda chenye tanuri la kazi hiyo. Bwana afya akamwonyesha namna ya kuzisafirisha: zisimame wima, vifuniko vikazwe, vichwa vya kuunganishia nyaya visigusane.

Tangu hapo shemeji alizunguka na baiskeli kuanzia Lipingo hadi Kihagara akiomba betri mbovu. Watu walimcheka, "Mkusanya maiti kaja!"

"Ndiyo," alijibu. "Nipeni kabla hamjaipasua."

Jiko lilihamishwa, lakini nyumba ile haikuwa tena nyumba ya kukaa. Tukitwanga muhogo, dada alisimamisha mchi ghafla. "Umesikia? Ameniita." Mtoto alikuwa mbele yetu, kimya, anatutazama. Mara ya kwanza nilimwambia ni upepo. Baadaye niliacha kumjibu, maana na mimi nilianza kusikia. Sauti ileile nyembamba, kutoka upande wa jiko la zamani. Hata nyumbani kwangu, katikati ya kahawa, imewahi kuniita nikageuka.

Shemeji alipopata mzigo wa kutosha alipanda nao lori hadi Mbinga. Akaukabidhi dukani, kisha akaja kwetu kula. Alinawa kwa sabuni, akanawa tena, akasugua chini ya kucha mpaka nikamwambia, "Inatosha, shemeji." Kitindamimba wangu alikuwa ndiyo kwanza anaanza kusema. Alimfuata shemeji akimpigia kelele zisizoeleweka, akamnyooshea mikono ili abebwe. Shemeji aliificha yake nyuma ya mgongo.

Nikasogea nimwondoe mtoto, nikimwambia anyamaze, mgeni amechoka.

"Mwache," shemeji alisema. Alichuchumaa mbali kidogo, bila kumgusa, akasikiliza hadi chakula kikapoa.