Jagi la Chuo na Mbuzi wa Mjomba

Walisema nitarudi na viatu tu. Kwetu Lorugum, kwa Waturkana, kuvuka Kitale ndiko kwenda Kenya, na mtu akienda Kenya hurudi na viatu vipya na Kiingereza kidogo, basi. Mwenye duka aliwaambia wazee nikiwa nasikia: "Huyu mchunga mbuzi atasomea ugonjwa gani? Ataugua yeye." Wakacheka. Hata hivyo jamaa walinikopesha mbuzi, nikawauza nikalipa karo. Mjomba wangu, kaka wa mama, alitoa wengi kuliko wote.

Mwaka 2012 nilirudi na diploma ya afya ya jamii. Viatu pia nilirudi navyo, sikatai.

Nilipata kazi Kakuma, kuwafunza wahudumu wa afya wa vijijini na wa kambi ya wakimbizi. Mkataba ulikuwa mfupi. Ungeongezwa iwapo tu wanafunzi wangu wangefaulu mtihani wa vitendo. Wasingefaulu, mbuzi wa watu ningewarudisha kwa pesa gani?

Nilipanga chumba cha mabati karibu na stendi. Ofisini wenzangu walizungumza Kiingereza, na wakichoka, lugha za makwao. Jumapili baada ya kanisa walipika chapati pamoja, sikualikwa. Mturkana wa ofisi ile nilikuwa peke yangu, na Waturkana wa mtaani waliniita mtu wa ofisi. Nikifungua mlango jioni nilijisalimu, "Ejok?" kisha nikajijibu.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa: ubao, picha, na jagi la plastiki lenye mistari ya kupimia. Darasani wote waliweza kuchanganya ile dawa ya unga ya mtoto anayeharisha. Kisha tukaenda kwenye boma moja kwa mazoezi. Mwanafunzi wangu bora, mama mkimbizi kutoka Sudan Kusini mwenye sauti ya kuhubiri, akasimama na pakiti mkononi.

"Jagi iko wapi?"

"Jagi gani, dada?" mwenye nyumba akamuuliza. "Unataka kuoga?"

"Ya kupima maji."

"Si ungekuja nayo? Hapa iko kikombe, iko kibuyu, na iko mtoto naharisha."

Mwanafunzi akanitazama. Jagi lilikuwa kabatini, darasani. Mimi ndiye niliyeiona chupa tupu ya soda ya nusu lita kando ya ukuta. Nikaisuuza, tukapima, mtoto akanywa.

Kesho yake sikulitoa jagi. Kila mtu alikuja na chombo cha kwake: kibuyu, bakuli, kopo la mafuta ya mgao. Tukavipima kwa chupa na kuvitia alama kwa msumari. Baadaye nikahamishia masomo yote mabomani.

"Mwalimu, mtaala hausemi hivyo," msimamizi wangu alilalamika.

"Mtaala hauishi Kakuma, bwana mkubwa."

Hakupenda. Lakini chuo changu hakikuwahi kunipeleka kwenye nyumba hata moja, na mpaka leo nasema: mhudumu wa afya afunzwe pale atakapofanyia kazi, kwa vyombo atakavyovikuta. Wazo hilo sikupewa na mtu.

Siku ya mtihani msimamizi alichagua maboma mwenyewe. Yule mama mkimbizi alisalimu, akaomba kibuyu, akakipima kwa chupa, akachanganya dawa huku akimfundisha mwenye nyumba. Wote walifaulu. Mkataba ukaongezwa. Nilinunua soda mbili, nikangoja kidogo, nikazinywa zote.

Mwaka uliofuata nilinunua mbuzi sokoni Lodwar, nikakodi pikapu mpaka Lorugum. Nilimwambia dereva asimame mbele ya duka, makusudi. Mwenye duka alitoka, akatazama, akarudi ndani. Walionikopesha wakaja, kila mmoja akachukua wake. Mjomba alikuwa wa mwisho.

"Umeleta yote?"

"Wote, mjomba. Na wamenona kuliko wako."

"Hukuacha hata moja? Mimi nilikuwa nasema, siku nikikosa nitatuma mtu kwako, mwanangu, huko Kakuma. Sasa nitatuma naye neno gani?"

"Tuma salamu tu."

"Salamu haina miguu."

Kwa wazee wetu mbuzi wa kukopeshwa hawarudishwi wote. Mmoja hubakizwa, ili njia kati ya boma na boma isiote miiba. Nalijua hilo tangu nikichunga. Mjomba aliwaswaga wanyama wake, hakugeuka.

Dereva akaniuliza kama kuna mtu wa kungoja. Nikamwambia hapana, nimemalizana na wote.