Kanga Juu ya Moshi wa Betri

Juzi nilipita Mtendeni nikamwona mtu akiyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu ya gari juu ya jiko la mkaa. Harufu ile kali ilinirudisha uani kwetu Kanyenye.

Baba alikuwa fundi, akiyeyusha betri kama hizo kuwatengenezea wawindaji wa Usinge risasi za gobore. Alasiri moja karai lilikuwa motoni, na redio ya jirani ilikuwa ikihimiza watu wahamie vijiji vya ujamaa. Mdogo wangu Zena alikaa kizingitini, kifua kikimlia filimbi. Bibi alimsikiliza, kisha akanirushia kanga yake.

"Mfukize mdogo wako. Moshi mkali namna hii hauachi kohozi."

"Mama, hayo ni mabetri, si mafusho," baba alisema akicheka.

"Wewe nilikufukiza mavi ya tembo. Ulikufa?"

Baba akatupisha. Nilimwinamisha Zena juu ya karai, nikamfunika. Alikohoa sana, akatema kohozi, na bibi akapiga kigelegele. Tangu hapo tulimfukiza kila baba alipowasha moto. Masika hayakuisha Zena akiwa hai.

Baadaye nilijisomea mwenyewe jinsi moshi ule unavyoumiza mapafu na sumu yake inavyoingia damuni. Kama ndio uliomuua, au ni pumu yake, sitajua kamwe.

Ninachojua ni kwamba chini ya kanga alilia, "Dada, nifunue." Nami, kwa kutaka apone, nilikaza pindo.