Nusura nikose mke kwa sababu ya kizibo cha divai

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani. Ninayoandika hapa siyo chai, ni divai, na mashahidi wake bado wapo hai na wananicheka mpaka leo.

Siku ya kupeleka mahari kwa kina mchumba wangu Béa, baba mkwe alikuwa ametaka vitu vya kawaida tu: mbuzi, vitenge, sukari. Na chupa moja nzuri ya divai nyekundu. Iwe ya kizibo, si hizi za kuzungusha mfuniko. Mzee ni mtu wa Isangi, kafanya biashara ya mtoni miaka mingi, anajua anachokunywa.

Shangazi yangu akaituma kutoka Kinshasa kwa ndege. Wa kuipokea alikuwa Tonton Dédé, kaka yake mama, maana anafanya kazi uwanja wa ndege wa Bangboka.

Hapo ndipo tulipokosea. Kumpa Tonton Dédé divai ni sawa na kumpa paka samaki akutunzie.

Asubuhi ya shughuli akaja nayo, anatabasamu. Nikaiangalia: divai imeshuka chini ya shingo, kizibo kimekaa upande kama kofia ya mlevi.

"Nilionja tu kidogo," akasema, "nione kama haikuharibika mu avion."

Wakuu, nilitamani kulia. Chupa nyingine ya kizibo nitaipata wapi saa ile? Akashauri tuongezee bissap, ile juisi nyekundu ya rozela, rangi zinafanana. Nikamwambia akae mbali nami.

Nikaanza kazi ya kufunga. Ule upande wa kizibo uliolowa divai ulikuwa umevimba, haurudi ndani. Nikakigeuza. Upande mkavu ukaingia vizuri, nikakigonga kwa kandambili mpaka kikalingana na mdomo wa chupa. Juu nikavisha karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nikajiona fundi.

Tukaenda Kabondo, kwa kina Béa. Hotuba, vicheko, mbuzi akakubaliwa.

Baba mkwe akachukua chupa. Akabandua ile karatasi taratibu, akatazama kizibo.

Juu kilikuwa cha zambarau iliyokolea.

Mimi na ufundi wangu nilikuwa nimeweka ushahidi juu, kila mtu auone!

"Nani alifungula hii chupa?"

Kwa msio wa huku: Kisangani hatunywi chupa iliyofunguliwa hatuoni. Hata baa, mhudumu anakufungulia mbele ya macho yako. Ukileta ukweni chupa iliyofunguliwa, unaulizwa umetia nini ndani. Mashangazi wa Béa wakaanza kukaza vitenge viunoni.

Tonton Dédé akasimama. "Papa, ni miye. Haiko na kitu. Leta verre, nikunywe mbele yenu."

Akanywa glasi nzima. Akaomba ya pili, eti kuhakikisha.

Watu wakacheka, mzee hakucheka. "Mulevi anaweza kunywa hata sumu, aseme iko muzuri. Bon, kamateni vitu vyenu."

Niliona ndoa inaondoka na mbuzi wake.

Kwa desturi, binti ndiye huonja kinywaji kwanza kisha humpelekea baba yake, ndiyo jibu lake kwamba amekubali. Béa alikuwa bado chumbani, hajaitwa. Akatoka mwenyewe. Akamnyang'anya Tonton ile chupa, akajimiminia, akanywa huku shangazi mmoja akipiga kelele. Halafu akapiga magoti na glasi.

"Papa, kamata. Miye nimeshakunywa."

Mzee akapokea, akanywa, akakunja uso.

"Iko chachu," akasema. Kisha akanigeukia: "Lakini mutoto amekutaka. Kaa chini."

Nilikaa, wakuu. Nilikuwa nampenda Béa kabla ya hapo, ila siku ile nilimheshimu.

Somo: ukifungua divai usiimalize, rudisha kizibo upande uleule uliokuwa ndani, kizungushe huku unasukuma, simamisha chupa penye baridi, uinywe upesi. Na ya ukweni ibebe mwenyewe, ikibidi lala nayo kitandani.

Haya, wenye wajomba wa aina hii mwageni yenu hapa. Na mniambie kweli: mchumba wako angeinywa?