Kesi ya kumlea binti yangu: nilikwenda mahakama ya watoto Kwale na mashahidi saba, wote wakaachwa nje

Wakuu, habari za mchana. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mtu wa bara, napika hotelini Diani, nakaa hapo jirani Ukunda. Marehemu mke wangu alikuwa Mdigo wa Gazi. Tulifunga ndoa ya serikali kwa DC, kila mtu na dini yake. Ameniachia binti, Mwanaisha, ana miaka tisa.

Baada ya matanga mtoto akabaki Gazi kwa bibi yake. Mimi nilidhani ni wiki mbili. Mama mkwe alidhani ni maisha.

Nilipokwenda kumchukua tukakosana vibaya, nikaambiwa nisikanyage pale tena.

Mama mkwe akanipeleka kwa kadhi. Mzee mpole, akasema, "Baba si Muislamu, kwa hivyo shauri hili si langu. Nendeni mahakama ya watoto."

Nikacheka moyoni. Mimi nilijua hiyo ni ya vitoto vilivyoiba kuku. Kumbe malezi, matunzo, mtoto akae na nani, yote yanaamuliwa huko!

Siku ya kesi nikakodi gari, mashahidi saba, suti za kanisani. Nafika Kwale, mama mkwe kaja na kumi na mmoja, kanzu na mabuibui matupu.

Karani akatoka. "Kesi za watoto husikizwa faragha. Baba na bibi waingie, wengine wasubiri nje."

Wakuu, nilisikia aibu. Majeshi yote mawili yakabaki barazani.

Ndani hakimu akatusikiliza wote, kisha akauliza swali moja: "Mtoto mmemuuliza?"

Nilikuwa nimemuuliza wakili, pasta na chifu. Mwanangu sikumuuliza.

Alikuwa kaja na bibi yake; hakimu akakaa naye chemba, ofisini mwake, pamoja na afisa wa watoto. Aliporudi akasema, "Anawapenda nyote wawili. Anaogopa akimchagua mmoja, mwingine atamchukia."

Nililia, sifichi. Mama mkwe naye alilia.

Uamuzi: siku za shule Gazi, wikendi na likizo kwangu Ukunda. Nilikwenda kushinda, nikarudi na nusu, na roho yangu ikatulia kuliko siku zote tangu msiba.

Kutoka nje, mashahidi wangu wako na mahamri mdomoni. Ya upande wa pili! Wasaliti hawa.

Nilichojifunza: kabla ya kukusanya watu, kaa chini na mtoto wako umsikilize. Mahakama ile haikuwa ya kwangu wala ya mama mkwe, ilikuwa ya Mwanaisha. Wenye ndoa za dini mbili, nyinyi mlifanyaje? Semeni, hata kunikosoa ruksa.

Juzi mama mkwe kapiga simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akauliza:

"Baba Mwanaisha, Idi hii waja kula kwetu, ama wangoja hakimu akuandikie?"

Ofu ya siku hiyo hotelini nimeshaomba.