Mwalimu Faines, Mbunge na Mto Nakambuzi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mwalimu Faines Mkwezalamba amesimama ndani ya Mto Nakambuzi, maji yakimfika magotini, sketi ameikunja na kuifunga kiunoni. Watoto wanavuka wakiwa wameshikana mikono. Kila anayempita anataja namba yake kwa sauti.

"Wewe Madalitso, maji hayachezewi," anamkemea mmoja. "Haya, sita. Nani saba?"

Ni Oktoba, mto umenywea. Mvua zikianza, kwa kawaida katikati ya Novemba, mahali hapa panamfunika mtu mzima.

Mwalimu Faines, 47, ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi huku kusini mwa Malawi. Ana wanafunzi 1,140, walimu kumi na mmoja na mshahara wa kwacha laki tatu ambao, kwa maneno yake, "unafika nyumbani umeshachoka." Wanafunzi 312 wanaishi ng'ambo ya mto. Anachokitaka ni daraja la miguu tu.

Februari mwaka juzi, mto ulimchukua Tiyamike, msichana wa darasa la tatu. Alipatikana siku ya pili yake.

Mbunge wa eneo hili, Wyson Likomwa, alifanya wanavyofanya wabunge wa huku. Alileta jeneza na magunia mawili ya mahindi, akaketi mbele pamoja na chifu. Msibani kila kundi lina msemaji wake: ukoo, kanisa, shule, halafu wanasiasa. Zamu ya shule ilipofika, mwalimu mkuu alitakiwa kutoa pole, kutaja rambirambi za walimu na kukaa chini.

"Nilisema, 'Mheshimiwa, tulikuomba daraja, umetuletea jeneza,'" anakumbuka. "Mama wa mtoto akaanza kulia upya. Hapo nikajua nimekosea. Nilisema kweli, lakini niliisema mbele ya mwili wa mtoto wa watu, kana kwamba ni wangu, niutumie kugombana na mbunge."

Mbunge aliondoka kabla ya maziko. Wengi walimpongeza mwalimu, na mwandishi wa habari hii angekuwepo naye angempongeza. Lakini pongezi hazikuvusha mtoto hata mmoja. Mwaka mzima simu alizompigia mbunge hazikupokelewa. Vijana wa chama walimwita mpinzani, na uvumi wa uhamisho ukaanza. Mvua zilizofuata zilikuta mto hauna daraja, na watoto wa ng'ambo wakakosa masomo siku 23.

"Mimi nilipigiwa makofi, wao wakabaki kwenye matope," anasema.

Alipoamua kurekebisha, alianza kwa mama yake Tiyamike, akamwomba radhi. Kisha akapanda baiskeli ya abiria hadi bomani, makao makuu ya wilaya, kwenye ofisi ya mbunge. Katibu, Grevazio, alimpokea mlangoni bila kumkaribisha kiti.

"Madamu, umekuja kututukana tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na nimeleta karatasi."

"Karatasi inaomba nini?"

"Haiombi kitu, kaka. Msomee tu."

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, kwa mkono: wangapi wamevuka mwezi huo, siku ngapi mto ulifunga njia, nani amefaulu mtihani. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi barua ilikwenda, na nakala kwa diwani, asije akaona amerukwa. Zahanati ambayo mbunge alihangaika kuijenga ilipopata muuguzi, aliandika kushukuru. Msichana wa ng'ambo alipochaguliwa kwenda sekondari ya kitaifa, aliandika pia.

Walimu wenzake walimtania. "Mkuu, barua zote hizo, mume wako anajua?" Alicheka nao, akaendelea kuandika.

Siku moja Grevazio alimpa kitenge chenye rangi za chama. Hilo lilimpa shida. "Nikikivaa, nusu ya wazazi wananikimbia. Nikikikataa vibaya, ofisi inanifungia mlango. Nikamwambia, kaka, hiki mpelekee mama nyumbani kwako, umwambie nimemsalimu. Mimi nafundisha watoto wa vyama vyote."

Machi mwaka huu, katika barua ya kumi na nne, aliomba kwa mara ya kwanza: "Njoo asubuhi moja. Bila ngoma, bila hotuba."

Mbunge alikuja na dereva tu. Maji yalikuwa yamepungua kidogo, wanaume wa kijiji wamefunga kamba toka ukingo hadi ukingo. Alivua viatu, akavuka. Yalimfika kiunoni.

"Katikati alisimama," anasema mwalimu. "Akaniuliza, 'Yule mtoto alichukuliwa hapa?' Nikamwambia, 'Pale kwenye jiwe, mheshimiwa.'"

Kwa simu, mbunge hafichi kinyongo chake. "Yule mama aliniumiza mbele ya watu wangu. Lakini niulize ni nani mwingine ananiandikia wakati hataki kitu. Hakuna."

Agosti, kamati ya wilaya ilipitisha daraja. Mhandisi amekuja kupima. Nyaya za chuma za kulishikilia bado hazijafika, na mbunge, ambaye hupiga simu kila wiki kuzifuatilia, amemwambia mwalimu wazi kwamba huenda mvua ikawahi.

Kwa hiyo mwalimu mkuu ana mpango wake. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, hakuna mtoto atakayevuka. Kanisa la ng'ambo limekubali kuwa darasa. Atakayevuka kila asubuhi, akishikilia kamba, vitabu vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, ni yeye. Mumewe amemsihi aache, na mwandishi wa habari hii pia alijaribu.

"Mimi najua kuogelea," anajibu, akiikunjua sketi yake iliyolowa. "Wao hawajui."