Rufaa ya Maksai wa Kijivu

Ijulikane kwa wote, alisema hakimu mjini Lodwar Jumatano ya mwisho ya Agosti 1995, kwamba jina la mtu si hati ya umiliki. Kwamba asiyeridhika yuko huru kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku thelathini. Na kwamba hadi rufaa hiyo isikilizwe na kuamuliwa, maksai anayebishaniwa asiuzwe, asihamishwe, asichinjwe, bali abaki vile vile alivyo. Kisha akanywa maji, akaita kesi iliyofuata.

Hukumu ilikuwa nzuri, na ilisomwa kwa Kiingereza. Etabo Namuar, aliyekuwa ameshindwa, aliisikiliza amesimama wima, kigoda chake mkononi, akiitikia kwa kichwa kila hakimu alipopumzika. Karani alipoifikisha kwenye Kiswahili ilikuwa imebaki mistari miwili, na wote wawili walikuwa wabaya.

Hakuna mtu Lodwar aliyemwita Etabo. Jina hilo lilikaa kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya mishahara ya stoo ya nafaka aliyoilinda, na halikuwa na kazi nyingine. Watu walimwita Apalopus, yaani mwenye yule wa kijivu. Mwanamume wa Kiturkana akishampata maksai wa moyo wake humkunja pembe, humtungia wimbo, kisha huchukua jina kutoka kwenye rangi yake. Kuanzia hapo hata mkewe humwita hivyo, siku ambazo hajakasirika.

Lakini mlinzi wa stoo hawezi kuchunga. Kwa hiyo Etabo alikuwa amemweka maksai wake katika zizi la rafiki yake Lomunokol, karibu na Kakuma, kama wanaume wote wenye akili wafanyavyo: mnyama huyu kwa fulani, yule kwa fulani, ili ukame au wavamizi wakija wasimkute mtu na mali yake yote mahali pamoja. Jambo kama hilo haliandikwi. Kumwandikisha rafiki karatasi ni kumwambia usoni kwamba ni mwizi.

Miaka mitatu ikapita. Maksai alikula majani ya Lomunokol na kunywa maji ya kisima cha Lomunokol, na polepole Lomunokol akaanza kuona kwamba kilichomo ndani ya ile ngozi ya kijivu ni majani yake na maji yake. Etabo alipokwenda kumchukua, aliambiwa aketi anywe maziwa kwanza. Akanywa siku nne. Siku ya tano akaenda kushtaki.

Mahakamani Lomunokol alikuwa na karatasi. Ilikuwa kadi ya chanjo. Siku ya chanjo, mtu wa mifugo aliuliza mwenye ng'ombe ni nani, na kwa kuwa Lomunokol ndiye aliyekuwa ameshika pembe, likaandikwa jina lake.

"Na wewe una ushahidi gani?" hakimu akamuuliza Etabo.

"Ushahidi ni mimi," Etabo akasema. "Uliza hawa watu mimi naitwa nani."

Watu sita walisimama nyuma wakiwa tayari kuulizwa. Hakimu, kijana mpole aliyekuwa na miezi mitano tu Turkana, alisoma kitambulisho, akaona kimeandikwa Etabo Namuar, akawaambia wale sita waketi.

Mtu angedhani kilichopotea ni ng'ombe. Jioni ile Christine, mkewe, alimwekea chakula akakaa kumtazama.

"Sasa nikuite nani?" akauliza. "Huyo Etabo mimi simjui. Huyo ni mtu wa orodha ya mshahara."

"Niite vile unaniitanga."

"Korti imekataa. Nisije nikafungwa."

Langoni pa stoo hali ilikuwa mbaya zaidi. Wabeba magunia walimpita kwa heshima nyingi kupita kiasi. "Ejok, mzee," walimwamkia, kisha wakakohoa pale jina lilipotakiwa kufuata. Mmoja alipendekeza aitwe asiye na kadi. Etabo alikuwa amelala njaa bila kulalamika na amepigwa risasi ya mguu bila kulalamika, lakini wiki ile alianza kuzungukia uchochoro wa nyuma kwenda dukani, ili asisalimiwe.

Aliyemwokoa alikuwa Manyang, mkimbizi wa Kidinka aliyeuza sabuni na sukari kambini Kakuma na kuwapigia watu barua kwa taipureta ya kanisa. Siku ya hukumu alikuwepo kortini kwa shauri la kibali chake cha kusafiri, na lile la kibali alilisahau palepale.

"Amesema jina si kitu," Manyang alimwambia Etabo nje. "Mimi Manyang. Hiyo ni rangi ya ng'ombe. Baba yangu ni rangi ya ng'ombe. Tukifuata huyu hakimu, kwetu hakuna mtu hata mmoja."

Akapiga barua ya kurasa tatu kwa wakili Jerotich wa Kitale, mama aliyewahi kuja kambini kuwaeleza wakimbizi haki zao. Siku hiyo wakili mwenyewe alikiri kwamba nyingi hazijafika bado.

Jerotich alikuwa na miaka ishirini na sita ya kukata rufaa, na katika miaka yote hiyo alikuwa hajamhoji shahidi hata mmoja. Mashahidi aliwaachia mawakili vijana, kama vile mtu mzima anavyowaachia watoto muwa. Yeye alisoma rekodi. Makosa ya mahakimu aliyapenda kama wengine wapendavyo maua, na lile la Lodwar lilipomfikia kwa barua ya Manyang, alisema atalishughulikia bila malipo.

Etabo alipanda lori la samaki wakavu, akalala Kainuk kungoja msafara wenye askari, akafika Kitale ananuka ziwa zima. Aliketi juu ya kigoda chake, akaacha kiti cha ofisi kama kilivyo.

"Mama, ngoja nikuambie hii ng'ombe," akaanza. "Hii ng'ombe pembe yake moja imeenda mbele, ingine imerudi kwa sikio. Hapa kwa bega iko na..."

"Mzee, iko ukurasa wa ngapi?"

"Nini?"

"Pembe."

Etabo hakujua. Akaona bora aimbe. Aliimba wimbo wa maksai wake wote, mikono juu imekunjwa kama pembe, na karani wa ofisi akaacha kupiga chapa. Jerotich alingoja mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu.

"Wimbo mzuri, mzee. Uliimba kortini?"

"Walikataa."

"Walikataa wakaandika kwamba wamekataa?"

Akafungua ukurasa wa nne, na hapo, kwa mwandiko wa hakimu mwenyewe, paliandikwa kwamba mashahidi sita wa mlalamikaji kuhusu jina wamekataliwa. Aliugusa mstari ule kwa kidole, taratibu. Kisha akatafuta mahali ambapo mtu wa chanjo aliitwa kueleza kadi yake, akakuta hakuitwa. Akavua miwani.

"Nenda nyumbani, mzee. Usifanye kitu. Ng'ombe wako sasa yuko ndani ya hii faili, na humu hakuna mtu anaweza kumwiba."

Etabo aliitazama faili. Ilikuwa nyembamba kwa ng'ombe wa ukubwa ule.

Mvua za mwaka uliofuata zilichelewa. Kufikia Machi mbuzi walikuwa wanakufa wamesimama, na emuron wa upande wa Kakuma, mtabiri ambaye hata madiwani humtembelea kwa mguu, aliota kwamba achomwe mkuki maksai wa kijivu, mwenye pembe moja mbele na moja nyuma. Wazee hawakuhitaji kutafuta. Kitu cha kushangaza, kwa mtu aliyesoma hukumu, ni mahali walipokwenda. Hawakwenda kwa Lomunokol, mwenye kadi, aliyekuwa umbali wa kuita kwa sauti. Walipanda lori, wakasafiri mpaka Lodwar, wakasimama langoni pa stoo mbele ya wabeba magunia wote.

"Apalopus," wakasema. "Tumekuja kuomba ng'ombe yako."

Etabo alishughulika kwanza na kufuli la lango. Wanaomjua wanasema alikuwa anasubiri walirudie lile jina, nao wakalirudia.

"Korti imesema asiguswe," akasema.

"Korti imeota nini?" akauliza mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, na Etabo akapanda nao lori.

Etabo mwenyewe ndiye aliyeshika mkuki. Lomunokol alishika kamba, kwa kuwa maksai alimzoea. Waliojiona wachafu wa moyo na wasafi walipakwa pamoja yale majani yaliyosagika tumboni mwa maksai, wanaume wakakaa nusu duara kwa rika zao, na nyama ikagawanywa. Siku nne baadaye mvua ilinyesha, si nyingi.

Oktoba Jerotich alimwita Etabo Kitale kabla ya rufaa kusikilizwa.

"Mama," Etabo akasema, "kuna kitu imetokea huko Kakuma."

Wakili akainua mkono. "Kimetokea kabla ya hukumu au baada?"

"Baada."

"Basi hakimo kwenye rekodi."

"Lakini mama, hii ng'ombe..."

"Mzee, nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba kwa sababu watu hawaniambii vitu. Usiniharibie."

Mbele ya jaji alizungumza dakika kumi na moja. Alisoma ukurasa wa nne, akauliza swali moja kuhusu kadi, akaketi. Hukumu ilitoka Novemba: jina lina uzito wake pale desturi inapolipa uzito, mashahidi sita walipaswa kusikilizwa, na kwa kuwa upande wa pili haukupinga walichotaka kusema, rufaa imekubaliwa, Lomunokol amkabidhi Apalopus, anayejulikana pia kama Etabo Namuar, maksai wake ndani ya siku thelathini. Christine aliomba asomewe mstari huo wa mwisho mara mbili. Kisha akampelekea mumewe chai langoni, akamwita kwa jina mbele za watu, na wabeba magunia hawakukohoa.

Karani wa mahakama alifika Kakuma na fomu ya kuthibitisha makabidhiano. Aliwakuta wote wawili wamekaa kivulini, kila mtu juu ya kigoda chake.

"Umemkabidhi?" akamuuliza Lomunokol.

"Nilimletea, kamba mkononi mwangu. Watu waliona."

"Na wewe umempokea?"

"Nimepokea," akasema Apalopus.

"Hali ya mnyama?"

Wakatazamana.

"Mafuta yake ilikuwa mzuri," Lomunokol akasema.

"Mzuri sana," akasema Apalopus.

Karani akaandika kwamba hali ni nzuri, wakatia vidole gumba, na faili ikafungwa kwa maelezo kwamba amri zote za mahakama katika shauri hili, tangu ile ya Agosti 1995, zimetekelezwa kikamilifu. Maksai alikuwa ameliwa Machi.