Mume Wangu na Unga wa Misuli

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya mawese, mwanangu. Nilikuwa nimekaanga ndagala, wale dagaa wa ziwani, nimechemsha mboga ya lengalenga, nimesonga ugali wa muhogo ukatulia vizuri kwenye sahani kubwa. Nikatandika mkeka, nikakaa kumngoja mume wangu atoke gereji. Nilikuwa bi harusi wa juzijuzi, hina bado haijafutika mikononi.

Yusufu aliingia, akanisalimu vizuri kama kawaida yake. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka mafuta meusi ya magari yakatoka kwenye kucha. Kisha, badala ya kuja mkekani, akaenda kabatini. Akashusha kopo kubwa, akachota unga wa rangi ya maziwa, akautia kwenye kikombe cha maji, akakoroga na kunywa amesimama.

"Na chakula?" nikamwuliza.

"We kula tu, Zaina. Mi nimeshakula."

Akaenda kulala. Nikabaki na sahani ya watu wawili.

Nikueleze kidogo, usije ukamdhania vibaya. Yusufu alikuwa mtu mwema. Alikuwa fundi wa magari kule mtaani Buyenzi, na jioni alikuwa akienda kunyanyua vyuma katika ukumbi mmoja nyuma ya magereji. Siku hizi mnasema jimu. Wakati ule ulikuwa ukumbi wa mabati, na vyuma vyenyewe vilikuwa ekseli za malori. Aliyewafundisha alikuwa Mzee Kasimu, bingwa wa zamani, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Mwaka ule Yusufu alitaka kuingia mashindano ya mji, na kichwani mwake hapakuwa na kingine.

Basi kuna mfanyabiashara alirudi kutoka Dubai na yale makopo. Juu yake palikuwa na picha ya mzungu mwenye mikono minene kama mapaja. Vijana wa ukumbini wakaambiana kwamba huo ndio unga wa misuli, kwamba ndani yake mna proteini tupu, na anayeunywa hahitaji kitu kingine. Wengi waliunywa kisha wakaenda kula kwao. Mume wangu alikuwa mtu wa kushika jambo kwa mikono miwili. Alianza kwa kuacha chakula cha jioni. Halafu akaacha ugali kabisa, akisema unaleta tumbo. Halafu wali, halafu maharagwe. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe, na pengine yai.

Mimi nilitoka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Si mbali, lakini kwa msichana aliyeacha nyumba yenye dada watano, mbali haipimwi kwa njia. Kwetu tulikula kutoka sahani moja, mikono inagongana, huyu anamnyang'anya yule kichwa cha samaki, mama anatugombeza huku anacheka. Buyenzi sikumjua mtu. Mama mkwe alikuwa amefariki kabla sijaolewa. Mchana kutwa nilisikia nyundo zikigonga mabodi ya magari, na sauti za wanaume wakiitana, na hakuna aliyekuwa akiniita mimi.

Nilikuwa mwenye haya, sikujua kuzungumza na mume. Nilichokijua ni kupika. Nilidhani nitamwambia yote kwa njia hiyo: kwamba nimefurahi kuolewa naye, kwamba nawakumbuka wenzangu, kwamba naogopa kidogo. Sasa mtu hali, utamwambia nini?

Nilikula peke yangu mkekani siku za kwanza. Baadaye nikaona mkeka ni mkubwa mno, nikahamia kizingiti cha mlango wa nyuma, karibu na jiko la mkaa. Ikafika siku nikawa nawasha moto ili majirani wasiseme nyumba ya Yusufu haina moshi, si kwa sababu kuna wa kula. Kilichobaki nilikipasha asubuhi, nikakila tena, peke yangu vilevile.

Hakunipiga, hakunitukana, hakuninyima. Ningemshtaki kwa nani, na ningesema nini? Kwamba mume wangu anakunywa maziwa? Asubuhi moja alipotoka nilifungua lile kopo nikaonja. Tamu kidogo, kama maziwa ya mtoto mchanga. Nilitamani niumwage wote mtaroni. Nikafunga kifuniko, nikarudisha pale pale.

Hata hivyo niliona kwamba mambo hayaendi sawa. Mashavu yake yalizama. Alikuwa akikasirika kwa jambo dogo, spana ikipotea ni kelele. Alirudi kutoka ukumbini amechoka kuliko alivyotoka gereji.

Alasiri moja vijana wa ukumbini wakamleta wamemshika mabega. Alikuwa amelala chali akisukuma chuma, macho yakamwingia giza, mikono ikamlegea, na kile chuma kikamshukia kifuani. Wenzake walikiwahi. Wangechelewa kidogo tu, mwanangu, ningekuwa mjane kabla ya kuwa mke sawasawa. Wakampeleka kwa daktari, ikaonekana mfupa haukuvunjika, ila kifua chote kilivimba na kubadilika rangi.

Majirani wakaja kumpa pole. Nyumba ikajaa wanawake siku ile, wengine nilikuwa nawaona kwa mara ya kwanza. Nakuambia kweli, katikati ya hofu yangu nilifurahi kusikia watu wakizungumza ndani ya nyumba yangu. Kisha wakaenda zao wote.

Kesho yake mchana akaja Mzee Kasimu. Alipiga hodi mlango wa mbele, sikusikia, akazunguka nyuma. Akanikuta kizingitini na sahani yangu magotini.

"Salaam aleikum, mutoto wangu. Mbona unakulia huku?"

"Aleikum salaam, mzee. Ndiyo mahali pangu."

Sikuwa nimekusudia kusema vile. Neno lilitoka lenyewe. Akaniangalia, akaiangalia ile sahani. Akaingia chumbani kwa mgonjwa. Mlango ulibaki wazi, na mimi sikuziba masikio.

"Yusufu, jana ulikula nini?"

"Nilikunywa pudre, mzee. Asubuhi na muchana."

"Mi nauliza ulikula nini."

"Proteini yote iko mule. Wameandika ku kopo."

"Sikatai. Ile pudre ni maziwa wamekausha, si sumu. Ni chakula. Lakini ni kipande tu ya chakula. Nguvu ya kusukuma chuma utatoa wapi, na ugali umekataa? Na ile ndagala bibi yako anakaanga, unafikiri ndani iko na nini? Na maharagi? Ni proteini ileile. Haina tu picha ya muzungu."

Huku kwetu mke huitwa bibi, na ule unga huitwa pudre, usishangae.

"Wenzangu wote wanakunywa, mzee."

"Wenzako wanakula, halafu wanakunywa. We umekunywa, ukaacha kula."

Nikasikia kiti kikilia, mzee akisogea karibu na kitanda. Sauti yake ikashuka zaidi, ikabidi nisimame mlangoni ili niisikie.

"Mi nilikuwa bingwa, unajua. Nilikula kwa saa yangu, chakula yangu, peke yangu, sitaki mutu aniharibie mwili. Bibi yangu alivumilia sana. Siku moja alifunga nguo zake akarudi kwao, na alikuwa na haki. Leo nakula kile nataka, saa nataka. Hakuna mutu ananiuliza kama chumvi imetosha."

Nami pale mlangoni nilijifunika uso kwa khanga, maana nilidhani ni mimi peke yangu katika mtaa mzima ninayekula nikiangalia ukuta.

"Zaina!" mzee akaita. "Leta ile sahani hapa. Ongeza ingine kama iko."

Nikaipasha haraka, nikaileta chumbani. Tukamsaidia Yusufu kukaa, tukamwekea mto mgongoni. Mzee akamega tonge la kwanza, akalichovya, akala. Nami nikamega. Mume wangu alikuwa wa mwisho. Alitafuna polepole, kwa sababu ya kifua, na kwa sababu ya aibu pia.

"Umeweka pilipili," akasema.

"Kila siku naweka."

Akaniangalia kama mtu aliyenikuta njiani akakumbuka kwamba ananijua.

"Sikujua," akasema.

Alipona, akarudi kunyanyua vyuma, safari hii ameshiba. Mashindano aliyaingia na hakushinda. Alirudi nyumbani anacheka, anadai waliomshinda walikuwa na mbavu za ng'ombe. Kopo hakulitupa, wala mimi sikumwomba alitupe. Siku alizokwenda kutengeneza lori mbali, akajua hatapata chakula mchana, alichukua unga wake kidogo kwenye kichupa. Jioni alikaa mkekani. Unga ulipokwisha hakuwa na haraka ya kununua mwingine. Mzee Kasimu alikuwa akija kwetu kila Ijumaa baada ya swala, mpaka Mungu alipomchukua.

Tulikula pamoja miaka mingi, Yusufu na mimi. Tukapata watoto, mikono ikagongana tena kwenye sahani. Sasa naye ametangulia. Watoto wetu, mmoja yuko Kanada, mwingine Nairobi, na mimi nipo Carama, nje kidogo ya mji, katika nyumba nzuri aliyojenga mwanangu mkubwa. Ina vyumba vingi na vigae vinavyong'aa. Huku ni kimya. Mashamba yako karibu, na jirani zangu ni watu wa kazi, wanatoka alfajiri.

Upweke nilioujua nikiwa bi harusi ulinirudia, tena umekomaa. Ni vigumu kusonga ugali wa mtu mmoja. Niliacha kidogo kidogo: leo chai na mkate, kesho chai bila mkate. Nikakonda. Miguu ikawa haina nguvu, nikawa siwezi kuinuka kwenye mswala bila kushika ukuta. Daktari kijana akanipima, akaniambia mwili wa mzee hupoteza nyama upesi, kwa hiyo nile samaki, mayai na maharagwe, nitembee, nifanye na mazoezi ya kukaa na kusimama kwenye kiti. Kisha akapima figo zangu, akaona ziko salama, akasema kwa kuwa hamu ya kula imepotea, kwa muda nitie unga wa proteini kwenye uji.

Nikacheka pale mbele yake mpaka machozi. Maskini, alidhani ameniudhi.

Basi kopo liko jikoni kwangu leo, mwanangu. Silichukii. Limenisaidia, pamoja na kile kiti, na sasa nainuka bila ukuta. Lakini kikombe kimoja nakimaliza kwa dakika chache, na baada yake siku nzima bado ipo.

Ndiyo maana nakujibu wewe unayekimbia Jumamosi asubuhi, na wewe unayenyanyua vyuma vyenye rangi katika majimu ya Kigobe, mnaponiuliza kama unga huo una faida. Kama unakula maharagwe, ndagala, mayai, karanga, na maziwa ukiyapata, na mazoezi unafanya kwa bidii, mwili wako unapata mahitaji yake, na kopo halitakuongezea sana. Kama kazi yako inakunyima chakula, au unajichosha kuliko wengine, au ni mgonjwa, au ni mzee kama mimi, unga huo unaweza kukusaidia. Tumia. Ila nunua mahali panapojulikana, usome kilichoandikwa badala ya kutazama picha, na mwenye shida ya figo amwulize daktari kwanza. Usiache ugali kwa sababu yake. Unga wa misuli uje juu ya chakula, usije mahali pa chakula.

Na nyumbani mtu akikupikia, kaa. Hata kama umeshakunywa kikombe chako na tumbo limejaa, nawa mikono ukae, umege tonge moja, uulize siku yake imekwendaje. Mwenye kupika anataka zaidi ya sahani tupu.

Mwenyezi Mungu akupe mwili wenye nguvu na akili ya kuutunza. Akupe riziki ya halali isiyokatika. Mlango wako upigwe hodi mara nyingi, na uzee wako ukukute na watu mkekani. Amin, mwanangu. Amin.